Kikohozi Kilichohamia kwa Bi Asumini

Ngozi ya ukuta wangu ililetwa siku ya Jumanne asubuhi, imekunjwa kama mkeka ndani ya pipa la plastiki lililojaa barafu. Aliyeileta alikuwa msichana wa Makete aitwaye Atupele, mhandisi wa Kikosi cha Kuta Kavu. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye nyusi, maana kwao watu wanalala na mablanketi mawili, na hapa Pangani hata shuka moja ni mzigo.

"Shikamoo, bibi. Hapa ndipo kwa Bi Mwatumu?"

"Marahaba, mwanangu. Ndipo. Pita ndani, ila usiegemee ukuta, utatoka na chokaa mgongoni."

Alikuwa ameshaegemea.

Nilimpangusa kwa upindo wa kanga, nikampa maji ya kunywa, naye akaanza kuugonga ukuta kwa vidole kama daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa. Aligonga chini, akagonga katikati, akapanda stuli akagonga karibu na boriti. Kila alipogonga, chembe za chokaa zilidondoka, naye akasema "aisee" kwa sauti ya chini.

"Umelowa mpaka moyoni," alisema. "Una unene gani?"

"Dhiraa moja na shibiri. Mawe ya matumbawe, chokaa ya kuchoma kwa kuni, na boriti za mkoko. Aliyeujenga ni babu yake marehemu mume wangu, na hakutia hata kijiko kimoja cha saruji."

"Saruji ilikuja baadaye?"

"Ilikuja, ikatutia adabu."

Hapo ikabidi nimweleze yote, kwa sababu mtu akija kutibu nyumba ni lazima ajue imeugua nini na nini. Zamani masika yalikuwa ya miezi mitatu. Ukuta wa chokaa ulikunywa mvua ukanyamaza, kisha kaskazi ikaja ikaukausha, mambo yakaisha. Tangu masika yawe ya miezi saba, na maji ya bamvua yaanze kuingia mtaa wa chini mara mbili kwa mwezi, ukuta unanyweshwa kwa juu na kwa chini, na kaskazi haipati hata nafasi ya kupiga hodi. Mashine za baridi tulikuwa nazo, zikakatiwa umeme mji mzima mwaka ule gati lilipozama. Wakaja watu wa saruji wakatupiga plasta. Saruji ikayafungia maji ndani, ukuta ukavimba kama shavu la mwenye jino bovu, halafu ukapasuka usiku wa Idi. Wakaja watu wa maboksi mepesi meupe ya kuzuia joto. Panya wakahamia humo. Niliishi nao miaka minne, na walikuwa na heshima kuliko wapangaji niliowahi kuwa nao, ila kuta zilizidi kulowa.

Nilipofika kwenye panya kifua kikanibana, nikakohoa. Nilikohoa mpaka Atupele akashuka kwenye stuli akaja kunishika mkono.

"Umeanza lini hivyo, bibi?"

"Miaka mingi. Mwaka jana nilikohoa mpaka mbavu mbili zikapata ufa. Daktari ameniambia kifua changu hakitavuka masika mengine ndani ya nyumba hii. Wanangu wanataka nihamie kwao Korogwe."

"Na wewe?"

"Mimi nataka ukuta ukauke."

*

Ngozi yenyewe ilikuwa ya rangi ya unga wa muhogo, laini, baridi, yenye harufu ya uyoga. Atupele aliitandaza sakafuni ikajinyoosha yenyewe taratibu, kama mtu anayeamka. Nikarudi nyuma hatua mbili.

"Ina uhai?"

"Inao. Ni ndugu yake ule ukungu mweusi unaokuharibia kuta, lakini huyu amelelewa." Alisema hivyo kama anayezungumzia mtoto wa shangazi. "Amekuzwa juu ya makumbi ya nazi. Ndani yake kuna vishimo vidogo vidogo vilivyojaa hewa, vinazuia joto la nje lisiingie. Halafu anakunywa unyevu wa chumba na wa ukuta, anausukuma mpaka upande wa pili, huko jua na upepo vinamalizia."

"Chakula chake?"

"Pumzi ya watu. Pumzi ya joto. Mkizungumza chumbani, anashiba."

"Mimi naishi peke yangu."

"Zungumza hivyo hivyo, bibi."

Alivika ukuta wa mashariki, akavika wa magharibi, akavika wa baharini. Kufika ukuta wa nne akasimama, akatoa karatasi.

Ukuta wa nne ni ukuta wa kati. Upande huu nakaa mimi, upande wa pili anakaa Bi Asumini. Ukuta ni mmoja, umebeba boriti zangu na boriti zake, na katikati una kidirisha cha ukubwa wa sinia kilichoachwa na mama wakwe zetu wapitishiane vyakula bila kutoka nje.

"Huu una sheria," alisema Atupele. "Upande mmoja ukivikwa na mwingine ukaachwa, maji yote yanakwenda kwa jirani. Kwa hiyo jirani aweke sahihi hapa kwamba naye atavikwa, tuwavike siku moja. Akikataa, ukuta huu tunauacha kama ulivyo, na wewe utabaki na robo ya unyevu wako. Nenda kamwombe, mimi nasubiri."

Nikakigeukia kidirisha.

"Hayupo?"

"Yupo. Tatizo ni kwamba hatusemezani."

"Tangu lini?"

"Miaka kumi na mmoja."

Chanzo kilikuwa harusi ya mpwa wake. Nilipewa jukumu la mikate ya kumimina, arobaini, nikakesha. Bi Asumini akakata kipande mbele ya wanawake wote, akakitafuna, akauliza, "Huu mkate ama zege?" Ukumbi mzima ukacheka. Nikavaa viatu nikaondoka, na tangu hapo hakuna aliyemwambia mwenzake hata sabalkheri.

Lakini siku tuliyogombana bakuli langu la maua mekundu lilikuwa kwake. Na huku kwetu bakuli la jirani halirudishwi tupu, labda uwe umeamua kujiaibisha mwenyewe. Akalirudisha kupitia kidirishani likiwa na visheti, bila neno. Visheti nikavila, bakuli nikabaki nalo, sasa deni la adabu likawa kwangu maana lilikuwa bakuli langu lakini visheti vyake. Nikalipitisha na mbaazi za nazi. Akarudisha na kaimati. Miaka kumi na mmoja, kila baada ya siku mbili, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kukosa adabu. Nimenenepa kwa ugomvi ule.

Atupele alisikiliza yote haya akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Nilipika tambi za sukari, nikaweka fomu chini ya bakuli pamoja na kalamu, nikasukuma kidirishani. Saa moja baadaye bakuli likarudi. Lilikuwa limejaa maandazi ya moto ya iliki. Fomu ilikuwa juu yake, imekunjwa vizuri kama kifuniko kuzuia nzi, imeloa mafuta. Mahali pa sahihi palikuwa peupe. Kalamu haikurudi.

Nilisimama na ile karatasi mkononi. Nikafikiria mbavu zangu. Nikafikiria Korogwe, chumba cha nyuma karibu na kituo cha mabasi.

"Amekubali," nilimwambia Atupele.

"Sahihi iko wapi?"

"Huku kwetu bakuli likirudi limejaa, hiyo ndiyo sahihi. Mtu akikataa jambo anarudisha bakuli tupu."

Kila neno nililosema lilikuwa na ukweli ndani yake, ila si ukweli wa siku ile. Atupele akaiangalia karatasi ya mafuta, akaangalia barafu yake iliyokuwa ikiyeyuka, akaandika kitu kwenye kibao chake, akaanza kuuvika ukuta wa kati.

"Sawa. Kwake nitakuja alasiri, roli lake la ngozi liko kwenye bajaji."

Alasiri akaenda, akagonga, Bi Asumini akamfungulia mlango kiasi cha upana wa pua. Nilisikia kupitia kidirishani. "Mimi sijaomba ngozi, wala sili vitu vya serikali," akafunga. Roli likapelekwa mtaa wa Bweni kabla halijaoza. Atupele akarudi akaniambia kwa unyonge kwamba bibi yule amebadili mawazo, na kwamba yeye ana nyumba tisa za kuvika kabla ya Ijumaa, akipata nafasi atapita kuibandua ngozi ya ukuta wa kati.

"Usijali, mwanangu," nikamwambia. "Nitazungumza naye mimi."

*

Siku ya nne nyumba yangu ilikuwa kavu.

Nyinyi mliozaliwa bara hamwezi kujua maana yake. Chumvi ilitoka kwenye kijaluba punje moja moja. Kiberiti kiliwaka kwa mkwaruzo wa kwanza. Kanga za sandukuni zilinuka karafuu, harufu niliyoziwekea mwaka wa harusi ya binti yangu wa kwanza nikadhani imeshakufa. Biskuti zilivunjika. Nilikaa kwenye baraza ya ndani nikavunja biskuti moja baada ya nyingine kwa ajili ya kusikia tu mlio wake.

Na kifua kilifunguka. Nilipanda ngazi mpaka darini, nikashuka, nikapanda tena.

Atupele alikuwa ameniachia kisanduku cha kijivu cha kupimia, kidogo kama kasha la kiberiti, chenye sauti ya mwanamume ya taratibu, kama mtangazaji wa taarifa za vifo. Kila asubuhi kilisema: "Unyevu wa ukuta wako umeshuka. Hongera." Nami nilikijibu, kwa kuwa ngozi ilihitaji mazungumzo. Nilikieleza mambo mengi. Kilikuwa msikilizaji mzuri.

Wiki ya tatu nikiwa nachambua mchele nikasikia kikohozi.

Nilijishika kifua kwanza, nikadhani ni mimi. Nilikifahamu vizuri mno kile kikohozi. Kinaanza na vishindo viwili vifupi, kinanyamaza kana kwamba kimemaliza, halafu kinakuja kile kirefu kinachoinua mabega. Nimeishi nacho miaka mingi, najua mpaka kinapovuta pumzi. Sasa kilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Ni vumbi, nilijiambia. Amefagia.

Siku ya pili nikajiambia ni pilipili.

Bakuli lilikuja na visheti vilivyolegea kama sponji. Siku mbili baadaye likaja na mihogo ya kuchemsha, na Bi Asumini hajawahi kunipa mihogo ya kuchemsha, ni chakula cha kumpa mtu usiyegombana naye. Baada ya hapo likaja na mayai mawili ya kuchemsha. Asubuhi hiyo kisanduku kilisema: "Maji yaliyosukumwa wiki hii ni lita sitini na mbili. Hongera."

"Yamesukumwa kwenda wapi?" nikauliza. Nilikuwa najua.

"Lita arobaini na nne, hewani. Lita kumi na nane, upande wa pili wa ukuta wa kati."

"Lita kumi na nane ni ndoo moja," nikasema.

"Ni karibu ndoo moja. Hongera."

Nikakifunika kwa kitambaa cha meza. Kiliendelea kunipongeza chini ya kitambaa, kila asubuhi, siku tisa.

Sitawadanganya kwamba siku hizo tisa nilikuwa nasali. Nilikuwa napiga mahesabu. Mimi nina miaka sabini na sita, yeye sabini na nne. Mimi nimekohoa miaka mingi, yeye hajawahi. Si haki basi kwamba naye achukue zamu kidogo? Na yeye ndiye aliyemfungia mlango mhandisi. Na zege je? Nilikuwa na hoja nzuri, nilizieleza ngozi kwa sauti, na ngozi ikanenepa kwa pumzi ya uongo wangu mpaka ikawa na unene wa godoro la mtoto.

Siku ya kumi bakuli lilirudi likiwa na zabibu kavu saba.

Nilizimwaga kiganjani nikazitazama. Mtu wa visheti na kaimati, mtu ambaye katika miaka kumi na mmoja hajanipa kitu kisichopitia motoni, alikuwa hana nguvu ya kuwasha jiko. Na bado alikuwa amejikokota mpaka kidirishani asinirudishie bakuli tupu.

Nikavaa viatu.

*

Mlango wake haukuwa umefungwa kwa komeo. Ulikuwa umevimba, nikausukuma kwa bega.

Ndani kulikuwa na joto la jikoni na harufu ya chini ya mtungi. Ukuta wa kati ulikuwa unatoka jasho kabisa, matone yanashuka kwa mistari. Viatu vyake vya kutokea vilikuwa vimeota manyoya ya kijani. Yeye mwenyewe alikuwa kitandani amejifunika kanga nne, na juu ya kitanda, kamba mbili zimefungwa kwenye boriti, kulikuwa kumening'inia mwavuli uliofunguliwa.

Aliinua kichwa.

"Umekuja kuazima chumvi?" alisema. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu zege. "Yangu imekuwa uji."

"Sikuja kuazima."

"Basi kaa. Usikae pale, panavuja. Hapo pia panavuja."

Nikakaa chini ya mwavuli, ukingoni mwa kitanda chake, maana hakukuwa na pengine. Akakohoa. Nilimngoja amalize, na nilijua hasa lini atamaliza.

"Asumini," nikasema, "maji haya ni yangu."

Nikamweleza. Fomu, bakuli, sahihi, daktari, mbavu, Korogwe, ndoo moja kwa wiki, siku tisa za kitambaa cha meza. Sikuacha kitu. Nilivyokuwa naeleza uso wake haukubadilika, na nikaanza kudhani amesinzia, kumbe mabega yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, nikampiga mgongoni, akanisukuma mkono, akacheka tena.

"Miaka kumi na mmoja," alisema alipopata pumzi, "nagombana nawe kwa sababu ya mkate. Nilikuwa naona aibu. Nikiwa peke yangu najiuliza, Asumini, mtu mzima wewe, mkate? Nimetafuta sababu ya maana ya kukuchukia sikuipata. Leo umeniletea mwenyewe mpaka kitandani."

"Nichukie tu. Ni haki yako."

"Usinipangie. Ile karatasi nilidhani umeniletea ya kufunikia maandazi. Nikasema, leo Mwatumu ameleta na karatasi, ameanza kustaarabika."

"Na kalamu?"

"Kalamu nilijua ni yako. Nimeiweka." Akajifuta macho. "Sasa unataka nini? Nikusamehe ukalale mkavu?"

Nilikuwa nimejiandaa kukiri tu, sikujiandaa na kinachofuata, nikampigia simu Atupele.

*

Atupele alikuja kesho yake. Alipouona mwavuli alikaa chini sakafuni kwenye maji, suruali ikalowa, hakujali.

"Nilipaswa kubandua," alisema. "Niliandika kwenye kibao, halafu zikaja nyumba nyingine tisa."

"Ulidanganywa na mtu mzima," nikamwambia. "Acha hilo. Sema dawa."

Alisema hakuna roli jingine mpaka masika yapite, na masika yalikuwa yamebaki miezi minne. Kulikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kuacha kama ilivyo. Hiyo hakuna aliyeizungumzia. Ya pili, kuibandua ngozi ya ukuta wa kati, nayo ikishabanduliwa ikiwa na ukubwa ule inakufa ndani ya saa moja, na ndoo ya maji inarudi kugawanyika pande zote mbili kama zamani.

"Ya tatu, tuikate. Kipande kikatwe kikiwa kimeshiba, kibandikwe huku haraka, hakifi. Nusu kwake, nusu kwako. Pande mbili zikivutana, maji yanapanda juu badala ya kwenda kwa mmoja, yanatokea darini."

"Nusu itatosha?" akauliza Asumini.

Atupele alituangalia, mimi kisha yeye. "Kwa vifua viwili vibovu, haitatosha sawasawa. Wote mtakohoa. Kidogo kuliko bi mkubwa huyu alivyokuwa akikohoa zamani, na zaidi ya anavyokohoa sasa."

"Mimi sitaki sadaka," alisema Asumini kutoka kitandani. "Sadaka ya ukungu, mimi? Nitaonekana nani?"

"Hakuna anayekupa sadaka," nikasema. "Nakuja kuchukua maji yangu. Yamekaa kwako bila ruhusa."

Akafikiri.

"Hilo sawa," alisema. "Njoo uyachukue. Lakini kupima nitapima mimi."

Nilikuwa nimesahau kwamba alishona kanzu miaka arobaini. Alivaa miwani, akatoa futi ya kitambaa, akaingia nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza tangu harusi ile, na kitu cha kwanza alichofanya ni kusimama katikati ya chumba na kuvuta pumzi. Aliivuta ndefu. Haikumkwaruza. Nilimwona akiishikilia pale juu kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi, kisha akaiachia, wala hakusema neno. Ningependa angesema. Angesema kitu kibaya ingekuwa nafuu.

Alipima urefu, akapima upana, akatia alama kwa chaki. Nikamwambia upande wake umezidi kidole kimoja. Akapima upya, ukawa umezidi upande wangu. Tukabishana kuhusu kile kidole mpaka Atupele, aliyekuwa ameshika mkasi, akakitazama kisanduku chake cha kupimia akasema, "Subirini. Endeleeni."

"Tusubiri ama tuendelee?"

"Endeleeni kugombana. Tazameni ngozi."

Tukatazama. Ilikuwa imejaa, kingo zimenyanyuka, inakunywa ukuta kwa nguvu kiasi cha kusikika, mfano wa ng'ombe mtoni.

"Ni joto la pumzi," alisema Atupele. "Mtu akigombana, pumzi inatoka nyingi na ya moto. Bibi, ulipokuwa unaongea peke yako haijawahi kufika hapa. Tukiishibisha hivi kila siku, nusu zote mbili zitafanya kazi kupita makadirio yangu."

"Kwa hiyo dawa yetu ni ugomvi," alisema Asumini.

"Nusu saa. Baada ya alasiri, mkiwa karibu na kidirisha, kila mmoja upande wake."

"Nusu saa ni kidogo," nikasema.

Mkasi ukapita katikati. Ngozi ilitetemeka kidogo tu.

*

Wiki ya kwanza tulimaliza zege. Wiki ya pili tulimaliza harusi nzima, na nani hasa alimpa biharusi kungu nyingi zikamlewesha akacheka mbele ya mashahidi. Wiki ya tatu tulirudi mpaka kwa mama wakwe zetu na ugomvi wao wa jogoo, mwaka ambao wala hatukuwa tumeolewa. Majirani wa mtaa wa pili walileta suluhu, mwenyekiti wa mtaa akaja na wazee wawili kutupatanisha, tukawafukuza kwa pamoja. Kisanduku kilitupongeza wote. Mwavuli wa Asumini ukashuka darini, viatu vikapigwa brashi, jiko lake likawaka.

Na mimi nikaanza tena kukohoa. Atupele hakuwa amedanganya. Vishindo viwili, kimya, halafu kile kirefu. Si kama zamani, mbavu zilikaa salama, lakini biskuti ziliacha kulia. Wanangu wa Korogwe wakipiga simu naiweka mbali na mdomo.

Jana alasiri nilikaa kwenye nafasi yangu. Asumini akakaa kwenye yake, nikasikia kigoda kikiburuzwa. Nikamngoja aanze, maana ilikuwa zamu yake. Hakuanza.

"Leo huna la kusema?" nikauliza.

"Ninalo. Usiku wa kuamkia leo umekohoa mara ngapi?"

Nilikuwa nimekohoa mara tisa.

"Mara mbili," nikasema. "Na wewe?"

"Mara mbili."

Kupitia ukutani nilikuwa nimezihesabu zake, ni sita.

"Basi tuko sawa," nikasema.

"Tuko sawa," alisema Asumini, na kwa muda mrefu hakuna aliyeongeza neno, mpaka kisanduku kikatuonya kwamba ukuta unaanza kulowa.